Bwana Usikate na Mkanda Wake

Wasifu huu umeandikwa na mkewe, na unasomwa na wifi yake, dada mdogo wa marehemu. Mwandishi ameona akiusoma mwenyewe ataanza kugomba, na leo si siku ya kugomba.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bwana Usikate, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na muuguzi. Mama yao alisema alichelewa kutembea kwa sababu alipenda kubebwa huku akitazama watu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari hadi 1978. Akiwa darasa la tano alikunja daftari likawa bomba, akaliweka jichoni, akatembea nalo kutoka uwanjani hadi darasani bila kulitoa. Alimkanyaga mwalimu mkuu. Alifyeka nyasi wiki nzima na hakujifunza lolote.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika studio ya picha, na 1989 akaanza kupiga video za harusi na mahafali. Mpiga video mwenye akili zake hupiga watu wakiwa nje, huzima kamera, huingia ndani, huwasha tena, kisha huunganisha. Marehemu alikataa katakata. Alitaka watu washuke magarini, wapite uani, wavuke mlango na kuketi, vyote katika picha moja isiyokatika, kamera ikiwa mkononi. Sasa nje kuna jua na ndani kuna giza, kwa hiyo mlangoni ilimbidi azungushe pete ya lenzi polepole, la sivyo picha ingekuwa nyeusi tii. Jicho moja liko kwenye kamera, la pili amelifumba, na miguu inajiendea yenyewe. Aliangukia keki mara mbili.

Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1992, alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, ambaye ndiye mwandishi. Walipofika ukumbini bibi harusi aligeuka, bwana harusi hayupo. Alikuwa amempokonya rafiki yake kamera na anawafuata wageni kuelekea mlangoni. "Ngazi! Wewe! Ngazi!" Bibi harusi alitupa maua, akakimbia na gauni lake, akamdaka mkanda wa suruali. Katika video ya harusi yao wamo wageni wote wakicheka. Maharusi hawamo.

Tangu siku hiyo kazi ya mkewe ikawa kushika mkanda. Kuvuta mara moja, kizingiti. Mara mbili, ngazi. Kuvuta kwa nguvu, simama, kuna mtoto. Kwa miaka thelathini aliingia kwenye nyumba za watu akitazama kisogo cha mumewe, na kilichobaki chake kwenye kanda hizo ni sauti tu: "Kizingiti. Inua mguu." Wateja walilalamika, na walikuwa na haki.

"Hata mimi nipige siku moja," alimwambia.

"Nitakupiga, mama watoto. Kutoka getini mpaka jikoni, bila kukata."

"Na mkanda atashika nani?"

Alikuna kichwa. "Hapo ndipo penye kazi."

"Basi kata katikati!"

"Nikate?" alisema, kama aliyetukaniwa mama yake.

Walijaliwa binti na mwana. Mkewe hakupigwa hata siku moja, na ilimuuma.

Februari 2021 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimkataza kubeba kitu chochote kizito. Aliitikia kwa heshima zote, na walipofika nyumbani akauliza kama kamera nayo ni kitu. Jumapili tarehe 28 Mei 2023 aliingia jikoni akihema, mkewe akimenya viazi, akapewa maneno yake: "Umetoka wapi na hilo likamera? Unataka kufa? Kaa chini!" Alikaa. Tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, alifariki hospitalini, mkewe akiwa amemshika.

Alhamisi binti yao aliiwasha ile kamera. Lilikuwamo geti. Ua. Mlango unakaribia, hakuna anayesema kitu, picha inayumba, mkono wa marehemu unapapasa ukuta. Kisha giza, na polepole mwanga, na jikoni, na mkewe mzima mzima, aproni imechanika, nywele hazijachanwa, kiazi mkononi, anagomba. Dakika tatu na sekunde arobaini, bila kukata. Miaka thelathini mtu anasubiri picha, anakuja kupigwa hivyo! Mwandishi amekasirika. Ameitazama mara kumi na moja, na kila anapofika kwenye kizingiti mkono wake unavuta hewa.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, ndugu watano, na kamera nne ambazo hakuna anayejua kuzizima.

Wabeba jeneza mnaombwa msiharakishe mlangoni. Humu ndani kuna giza, nje jua ni kali, na kizingiti cha nyumba hii mnakijua. Mjane atakuwa nyuma, ameshika.

Kizingiti hicho, baba watoto. Inua mguu, ukapumzike.