Bisibisi ya Namba Saba

Muuguzi alikuwa ametoka zamu, amefumba macho kwenye kiti cha treni, lakini masikio hayana kope. Mbele yake, dada mwenye kompyuta mapajani alikuwa amegundua kwamba mzee wa ovaroli aliyekaa naye ni fundi wa kampuni anayofanyia kazi yeye. Hawakuwahi kuonana, kiwanda chenyewe kina mageti sita.

"Basi mzee wangu, mfumo mpya wa kompyuta wa kutabiri mashine zitakazoharibika unauonaje? Wiki iliyopita ulitabiri kwamba beringi ya mashine namba saba itakufa. Kesho naenda kuwaeleza wakubwa jinsi unavyofanya kazi."

"Huu ni wa tatu tangu niajiriwe, mwanangu. Kila mfumo ukija naambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijapona." Mzee akakohoa. "Na haukutabiri, uliambiwa. Kila asubuhi naweka ncha ya bisibisi kwenye mashine, mpini sikioni, nasikiliza. Ikilalamika, nabonyeza 'hatari' kwenye kishikwambi chenu."

"Lakini pale kwenye mashine kuna kihisi kinachopima mtetemo."

"Kilikufa mwaka jana. Niliripoti mara nne, humohumo kwenye mfumo."

Muuguzi akafumbua jicho moja. Dada alikuwa anafunga kompyuta taratibu, kama mtu anayemfunika marehemu shuka.

"Kwa hiyo ukiwa likizo, nani anasikiliza?"

"Silijui hilo. Ila Ijumaa nastaafu."

Treni ikapunguza mwendo. Mzee akasimama, akapapasa mfuko wa ovaroli ulimotokeza mpini wa bisibisi.

"Hiyo bisibisi," dada akauliza kwa sauti ndogo, "ni ya kampuni?"

"Yangu," akasema mzee, na milango ikafunguka.