Maji ya Mama Povu

Nani kati yenu aliwahi kujiuliza maji yaliyofua shati lake yalikwenda wapi? Shangazi yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Povu, alijiuliza hivyo maisha yake yote, na familia imenituma mimi, binti wa kaka yake niliyelelewa mikononi mwake, niwasomee maisha hayo bila kuyapamba, kwani mapambo aliyaona kama wanga uliozidi kwenye kola, yanawasha shingo tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, akaishia hapo kwa kuwa nafasi ya kuendelea ilikuwa ya mtoto mmoja, akapewa kaka yake, yaani baba yangu, ambaye hata hesabu zilimshinda.

Mwaka 1970 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako mvuke ulikuwa mzito kiasi kwamba wafanyakazi walitambuana kwa kikohozi, na humo akaanza kuyaona maji ya suuza yakitokomea mferejini yakiwa bado safi kiasi, kama mgeni anayeaga kabla ya chakula, hata akawa anayaota, yakipanda ngazi polepole, yakibisha hodi.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na fundi bomba aliyeitwa hapo kuziba bomba linalovuja, akaliziba siku ya kwanza, lakini akarudi kulikagua mara nne, wakajaliwa watoto wawili, muuguzi na dereva wa lori.

Mwaka 1984 walifungua udobi wao, wakasimika matangi matatu, maji ya suuza ya mzigo mmoja yakafua mzigo uliofuata, kisha yakaosha sakafu, kisha yakachujwa kwenye kokoto na mchanga hadi bustani ya mboga, hivi kwamba mtaa uliokaukiwa mabomba uliendelea kuvaa nguo safi, na wanawake tisa aliowafundisha wakafungua udobi wao wenyewe. Adhuhuri, ukipita katikati ya shuka nyeupe zikipumua kwenye kamba, usingejua kama uko macho au umelala. Wageni wenye beji walipokuja kuyaita hayo ubunifu wa sekta ya huduma kwa maendeleo endelevu, aliwasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sawa wanangu, na nguo chafu mmeleta?"

Sheria yake ilikuwa moja, maji ya nguo za rangi yasiingie tangi la nyeupe. Tarehe 22 Julai 2009 bomba linalounganisha matangi hayo lilikutwa wazi, shuka sitini za hosteli zikatoka na rangi ya ufizi, hosteli ikatuhama, na lawama ikamwangukia mzee wa pasi, aliyefanya kazi hapo miaka kumi na minane na kutunza ufunguo wa bomba hilo. Shangazi alimwambia, "Kiri tu, mzee mwenzangu, kesho urudi kazini," naye akajibu, "Mama, mimi pasi naijua, bomba lako silijui," akakunja aproni yake mikunjo minne, akaondoka, na tangu siku hiyo mtaa ukamwita Rangi, wala hakuna dobi aliyempa kazi tena. Leo ameketi mstari wa nyuma, shati lake limenyooka kuliko yetu sote.

Ugonjwa wa figo ulimwanza shangazi Februari 2022, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiitazama mashine na kusema, "Haya, leo zamu yangu kufuliwa," hadi alipofariki usingizini tarehe 3 Juni 2024, saa kumi alasiri. Siku mbili kabla aliniuliza, "Hivi yule mzee alishindwa nini kukiri?" nami nikamnyooshea mto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotuletea viti kabla hatujaomba, na madobi wenzake waliofunga milango yao leo. Pumzika kwa amani, shangazi, mikono yako ikauke sasa.

Karatasi iliyopitishwa na familia inaishia hapa. Julai ile nilikuwa likizo, nikiandika utafiti wa chuo kikuu juu ya kuokoa maji, nikaona tukiruka suuza moja, maji ya rangi yakaenda moja kwa moja tangi la nyeupe, jedwali langu la maji yaliyookolewa litapendeza, nikautoa ufunguo kwenye koti la mzee wa pasi alipokwenda kunywa chai. Mzee wangu, simama watu wakuone. Bomba lile nililifungua mimi.