Sifuri kwenye Upole

Nilikaa nyuma ya wanawake wawili kwenye basi, na masikio yangu hayana adabu. Mmoja alikuwa anajaza fomu ya makao ya wazee anakotunzwa mama yake. Ndugu huombwa kutoa alama za huduma. Jirani yake, muuguzi mstaafu, akaanza kumhoji kama bado yuko zamu. "Ana vidonda vya mgongoni?" "Hana hata kimoja." "Shuka?" "Zinanukia sabuni." "Anakula?" "Dada, amenenepa kuliko mimi!" Alisema hivyo kama anashtaki.

"Sasa mbona kwenye upole umewapa sifuri?"

"Kuna kibinti pale kinamsuka mama kila Jumamosi. Miaka sita nimeishi na mama, nikimgusa kichwa ananiambia nina mkono mzito. Kwa yule anasinzia kabisa! Halafu anamwita 'mwanangu'. Na mimi nani, mpangaji?"

"Lakini si umpe tu haki yake?"

"Alama nimpe, na mama nimwachie?"

Basi likasimama mbele ya geti la makao. Yule mwanamke akakunja fomu, akaisukumiza mkobani, na humo nikaona kitana kipya, hakijatolewa hata kwenye karatasi yake.