Gambuti za Marehemu na Miguu Niliyoificha

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kwanza, mpunga ukiwa bado mchanga majarubani, nilipompoteza mume wangu. Alitoka asubuhi kwenda kuangalia maji, akaanguka huko huko. Majirani walimleta nyumbani kwetu, kijijini Sapiwi, akiwa ameshakata roho, na mmoja wao alikuwa amebeba gambuti zake mkononi. Akaziweka karibu na mlango. Hata hivyo nasema, Bwana apewe sifa! Maana leo nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe.

Ndugu zangu, mimi si msemaji. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nitasema yaliyonipata jinsi yalivyokuwa.

Matanga yalipoisha, jaruba halikunisubiri. Nilivaa gambuti za marehemu. Zilikuwa kubwa, nikajaza matambara ndani ili zisichomoke kwenye tope. Matambara yalilowa asubuhi, nikashinda nayo hadi jioni, na kesho yake nikavaa yakiwa bado na maji. Wanangu waliniambia watanitafutia nyingine. Nilikataa. Nikiwa ndani ya gambuti zile niliona kama bado tunalima wawili.

Ukaanza muwasho katikati ya vidole. Ngozi ikawa nyeupe, laini kama mhogo uliolowekwa, ikapasuka, ikatoa harufu. Nilipaka mafuta ya taa. Yaliniunguza tu. Ndipo jirani akanipa krimu yake iliyobaki. "Paka hii, mama Masunga," akasema. "Hii inatibu kila kitu." Na kweli, muwasho ulitulia upesi, nikamshukuru Mungu. Kumbe haujaondoka! Ulirudi umepanda hadi juu ya mguu, umejichora duara.

Sasa nisikilizeni. Mnajua kwamba kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, tunaoshana miguu, wanawake kwa wanawake. Mimi na mama mkwe wangu tumeoshana tangu nilipoolewa. Siku ya Meza ilipofika, nikaona mabeseni yanapangwa, nikatoka. Nilisema nimeacha maharage motoni. Meza nyingine ilipofika, nikasema tena maharage. Mama mkwe akapaza sauti mbele ya wenzetu, "Wewe, maharage yako ni ya mawe? Tangu Meza iliyopita hayajaiva!" Wakacheka. Nami nikacheka, nikatoka. Nilikaa nyumbani peke yangu, nikijua kwamba wenzangu sasa wanamega mkate. Ndugu zangu, nilikuwa nimempoteza mume, na sasa naipoteza Meza ya Bwana kwa sababu ya vidole vya miguu!

Wakati wa kuvuna, mguu wa kulia ulivimba, ukawa wa moto, homa ikanishika. Mama mkwe alikuja, akanivua soksi kwa nguvu. Aliutazama mguu. Kisha akazitazama zile gambuti.

"Ni hizi," akasema. "Mwanangu anadai vitu vyake. Leo nazichoma."

"Mayu, mama yangu, nakuomba, usizichome," nikamwambia. "Sina kingine chake ninachokivaa."

"Basi utamfuata!"

Tulilia sote wawili. Mwishowe akasema twende kwanza zahanati, na tukirudi, atazichoma. Wanangu walinipakia kwenye pikipiki, yeye akaja na nyingine.

Muuguzi aliuosha ule mguu, akanipa dawa za kumeza kwa ajili ya usaha na uvimbe. Alisema ufa wa vidole ndio uliofungua mlango, na kwamba mguu ukivimba hivyo mtu asikae nyumbani na krimu, aje hospitali. Akaniuliza nilikuwa napaka nini. Nilimwonyesha ile ya jirani. Akaisoma, akatikisa kichwa. "Hii imechanganywa na dawa ya kutuliza ngozi, mama. Inanyamazisha muwasho, fangasi wanaendelea kula chini yake." Akanipa krimu ya fangasi peke yake. Mama mkwe akamkatiza, "Mwanangu, mwambie ukweli. Si viatu vya marehemu?"

Muuguzi hakucheka. Alisema, "Mayu, marehemu hana kosa. Kosa ni maji yaliyo ndani ya viatu." Akatuonyesha kwa kitambaa: osha mguu, ukaushe, hasa hapa katikati ya vidole. Kisha paka krimu kidogo, ipite kingo za ugonjwa, asubuhi na jioni. Nawa mikono. Usimgawie mtu. Ikikuunguza au ikikutoa malengelenge, acha, urudi. "Na hata ngozi ikionekana nzima," akasema, "endelea wiki mbili zaidi. Hapo ndipo wengi wanashindwa."

Ndugu zangu, niliamua sitashindwa! Matambara niliyatupa mwenyewe. Wanangu walininunulia gambuti za saizi yangu, zikawa zinakaushwa kila siku. Soksi nilizifua na kuzianika juani. Uvimbe uliisha. Muwasho ukaisha mapema sana, na shetani wa uvivu akaniambia, umepona, weka krimu kabatini. Nikasema hapana! Nikapaka. Mama mkwe alinikuta nimekaa kizingitini nafuta vidole kimoja kimoja, akasema, "Mguu wenyewe umepona, unapaka nini? Unaolewa tena?" Nikamjibu, "Mayu, nataka kurudi Mezani." Siku ile hakunitania tena.

Na zile gambuti za marehemu hakuzichoma. Siku moja nilitoka kisimani nikakuta amezisafisha, amezigeuza juu chini kwenye miti ya ua, jua linaingia.

Namshukuru Mungu aliyenipa uhai, akampa yule muuguzi ujuzi, akanipa mimi uvumilivu wa kutii. Wewe unayeficha ugonjwa ndani ya kiatu, au chini ya nguo, kwa aibu au kwa msiba, usipake dawa ya kuokota. Nenda kaonyeshe. Mwamini Mungu, na maagizo uliyopewa yafuate hadi mwisho. Mimi niliogopa macho ya watu, na macho ya watu ndiyo yaliyoniponya.

Sabato iliyopita ilikuwa siku ya Meza. Mabeseni yalipopangwa, nilikaa. Mama mkwe alikuja na beseni lake na taulo begani, akasema, "Leo maharage anayaangalia nani?"

"Leo sikupika, mayu."

Akapiga magoti kwa shida, maana magoti yake yanamsumbua. Akaniosha mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Halafu akachukua taulo, akaingiza ncha yake katikati ya kidole na kidole, akakausha, kimoja baada ya kingine, hadi kile kidogo cha mwisho.

"Muuguzi alisema hapa," akasema.

Kisha nikainuka, nikabadilisha maji, nikamwosha yeye.