Gaspard Hatungimana, Mwalimu wa Nguvu na Pumzi (1966–2025)

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa kambini Dzaleka, Malawi, leo, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, familia inawaomba mketi na kusikiliza maisha ya Gaspard Hatungimana kama yalivyokuwa, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 mjini Rumonge, nchini Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa karani wa kiwanda cha mafuta ya mawese. Mtoto wa kwanza ni dada yake, Goreth, ambaye yupo hapa pamoja nasi. Baba yao alifariki katika matukio ya mauaji ya mwaka 1972, Gaspard akiwa na umri wa miaka sita. Mama yao aliwachukua wote wawili, akavuka mpaka, akafika Uvira nchini Kongo kwa kaka yake, na huko ndiko walikolelewa.

Elimu ya msingi aliipata Uvira, kuanzia mwaka 1973 hadi 1979. Elimu ya sekondari aliipata Bukavu, alikohitimu ualimu mwaka 1986, somo lake kuu likiwa mazoezi ya viungo. Bukavu palikuwa na klabu ya kupiga makasia katika Ziwa Kivu, na klabu hiyo ilihitaji kijana mwepesi wa kushika usukani wa mtumbwi wa mashindano. Gaspard alikuwa mwembamba mno, hivyo akachaguliwa. Mshika usukani huketi akiwaelekea wapiga makasia, nao humpa uso. Kwa miaka minne marehemu alitazama nyuso za watu wanaovuta kwa nguvu zao zote, akajifunza kutambua ni nani ambaye pumzi inamwishia kabla mwenyewe hajajua. Alikuwa akisema kwamba shule ilimpa cheti, lakini kazi alipewa na kile kiti cha usukani.

Alifundisha michezo katika shule moja ya sekondari Uvira kuanzia mwaka 1987 hadi vita vya 1996 vilipomlazimu kukimbilia Tanzania. Katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma alikutana na Léoncie, binti wa familia ya Kirundi iliyokuwa ikiimba katika kwaya ya kanisa. Walifunga ndoa tarehe 18 Julai 1998. Mungu aliwajalia watoto wawili: Mahoro, aliyezaliwa mwaka 2001, na Akeza, aliyezaliwa hapa Dzaleka tarehe 3 Juni 2006, takriban miaka miwili baada ya familia kuwasili Malawi.

Mwaka 2011 marehemu alipata kazi ya kuongoza mazoezi katika ukumbi mmoja karibu na Old Town, Lilongwe. Alipanga chumba mtaa wa Kawale na kurudi kambini kila mwisho wa juma. Ukumbini mlikuwa na mashine za makasia, yaani zile zenye kiti kinachoteleza juu ya reli, mnyororo wenye mpini, na gurudumu linalosukuma upepo. Wanachama walizitumia kutundikia taulo. Marehemu hakumkemea mtu. Kila asubuhi aliketi juu ya mojawapo na kuvuta polepole kwa saa nzima, huku akizungumza na wapitao kana kwamba yuko barazani. Baada ya miezi michache taulo zilihamia kwingine, na watu wakaanza kupanga zamu.

Mwaka 2022 ukumbi ulibadilisha vifaa, naye akaruhusiwa kuchukua mashine mbili kuukuu. Alizipakia juu ya lori la nyanya lililokuwa likitoka soko la Tsoka. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja alitaka kujua chombo hicho ni cha nini. Marehemu alipanda juu ya matenga, akaketi, akavuta. Askari akauliza kwa Kichewa kinakwenda wapi. Marehemu akamjibu kwamba hakiendi popote. Askari akatafakari, kisha akasema kwamba basi mzee huyu ametoka jasho bure, akawaruhusu wapite. Marehemu alikisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alimtetea yule askari.

Mwaka 2023, wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini walipotakiwa kurudi kambini, aliacha chumba cha Kawale na hakurudi tena kufanya kazi Lilongwe. Mashine zile mbili aliziweka chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba yake, akaanza kuwafundisha vijana.

Inafaa kueleza mafundisho yake, kwa kuwa ndiyo yaliyojaza miaka yake ya mwisho, na ndiyo yaliyozua mabishano ambayo wengi wenu mliyasikia. Marehemu alifundisha kwamba mvutaji ana mali mbili, nguvu na pumzi, na kwamba hazikui kwa chakula kimoja. Nguvu hukua kwa mivuto michache iliyo mizito, yenye mapumziko marefu katikati. Pumzi hukua kwa mivuto mingi iliyo myepesi, siku baada ya siku. Anayevuta kwa ukali kila siku huzikosa zote mbili, maana mwili haupati nafasi ya kujijenga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya juma aliitoa kwa pumzi, na sehemu ndogo kwa nguvu. Tena siku za mivuto mizito alizipanga katika juma linalofuata mgao wa chakula. Alisema hawezi kumdai mtu nguvu ilhali nyumbani kwao kuna nsima, yaani ugali, bila mboga.

Kipimo chake cha wepesi kilikuwa masimulizi. Mvutaji alitakiwa kusimulia habari za siku hiyo kwa sentensi kamili. Sentensi ikikatika, alipunguza mwendo. Akeza alipovuta jioni, mama yake aliketi karibu akichambua maharagwe, na majirani walikuja kusikiliza. Habari nyingi za sokoni zilifahamika kwanza kwenye mashine hiyo.

Septemba 2024 klabu moja ya Lilongwe ilitangaza mchujo wa wasichana wa kuvuta mashine za makasia. Watatu wa kwanza wangepata nafasi ya mafunzo ya ualimu wa michezo, pamoja na utaratibu halali wa kuishi mjini. Kwa msichana aliyezaliwa ndani ya kambi, jambo hilo halihitaji ufafanuzi. Akeza aliona mwendo wa baba yake ni wa kizee. Akahamia kwa Honoré, kiongozi wa michezo wa vijana kanisani, mtu wa Bukavu aliyewahi kunyanyua vyuma. Honoré alimvutisha kwa ukali kila siku, na baada ya hapo akambebesha magunia ya mahindi. Wiki za mwisho kabla ya mgao hazikubadilisha chochote katika ratiba yake. Siku ya mchujo Akeza aliongoza hadi katikati. Kisha mikono ikamgoma, akamaliza wa mwisho.

Alirudi kwa baba yake, naye akampokea bila swali. Hata hivyo ukweli unatudai tuseme kwamba marehemu naye alikosea. Kwa woga wa yaliyompata binti yake, alimzuia kabisa mivuto mizito kuanzia Oktoba hadi Februari. Akeza aliweza kusimulia Injili nzima bila kuhema, lakini gurudumu lilizunguka kivivu. Honoré alikuja siku moja, akasimama, akasikiliza, kisha akasema:

"Mzee Gaspard, huyu mutoto umemufundisha kusema. Kuvuta haukumufundisha."

Léoncie alicheka kwanza. Marehemu hakucheka. Alimwambia Honoré aketi, naye akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, wakazungumza mpaka chai ikapoa. Siku hiyo walikubaliana: Jumanne na Ijumaa zingekuwa za Honoré, na siku nyingine za juma zingekuwa za marehemu. Magunia yaliondolewa. Wiki zisizo na mboga zilibaki za pumzi tu. Walibishana karibu kila juma, mmoja akimwita mwenzake mpishi wa uji, na mwingine akimwita mwenzake mpasua mawe, lakini hakuna aliyeingilia siku ya mwenzake. Kufikia Juni, Akeza alikuwa akivuta kwa namna ambayo wote wawili walikubali, kila mmoja akiamini kwamba ni kazi yake.

Maradhi yalianza mwezi Mei 2025. Miguu ilivimba, na kutembea kutoka nyumbani hadi kanisani kulimtaka apumzike njiani. Alipelekwa zahanati kwa kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, kisha akahamishiwa hospitali kuu Lilongwe, ambako madaktari waliona kwamba moyo umepanuka. Alirudishwa nyumbani na dawa. Kwa kuwa hakuweza tena kukaa nje, Mahoro alihamisha mashine moja hadi karibu na dirisha la chumba chake. Marehemu alisikiliza sauti ya gurudumu, na kwa sauti hiyo aliweza kumwambia Akeza kwamba amevuta kwa mikono kabla ya miguu.

Mwezi Agosti ilitangazwa kwamba mchujo mpya utafanyika Jumamosi, tarehe 13 Septemba. Akeza alimwuliza baba yake aanze kwa nguvu au kwa pumzi. Jibu lake tumelihifadhi kama alivyolisema:

"Anza kama mutu anaenda kuteka maji mbali. Ukiona benzako banavutia kwa mabega, miguu imenyamaza, hapo njo uvute."

Marehemu alirudishwa hospitalini tarehe 7 Septemba. Alifariki Jumatano tarehe 10 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa pembeni yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Mazishi yalipangwa kufanyika Jumamosi, siku ileile ya mchujo, saa nne asubuhi. Alhamisi jioni familia ilikutana, na jambo gumu lilikuwa moja. Kwa desturi yetu, nyumba iliyofiwa hukaa. Hailimi, haichoti maji, haipiki, majirani ndio hufanya. Mtoto wa marehemu hatoki kwenda kazini kabla kaburi halijafunikwa. Goreth, aliye mkubwa wetu sasa, aliikumbusha familia desturi hiyo, na hakuna aliyempinga. Akeza mwenyewe alisema kwamba hataenda.

Honoré aliomba ruhusa ya kusema. Alieleza kwamba juma la mwisho kabla ya mashindano mvutaji hafanyi kazi yoyote. Hukaa, hula, hulala, ili nguvu na pumzi zikutane. Marehemu ndiye aliyepanga kukaa huko, kuanzia Jumapili. Kwa hiyo, alisema, huyu binti amekaa kama matanga yanavyotaka, na amekaa kama baba yake alivyotaka. Goreth alimjibu kwamba amemsikia, lakini Jumamosi si kukaa. Akamgeukia mke wa marehemu, akamwuliza: siku hiyo ni kazi au si kazi?

"Ni kazi, wifi," Léoncie alisema. "Mi sitakudanganya. Lakini ni yeye njo aliianza, na ameenda haijaisha."

Kisha Goreth alisema kwamba kwao Rumonge, mtu akifa na jembe lake likabaki shambani, mtoto wake hutumwa kulichukua, nalo hufika nyumbani kabla maiti haijatoka. Hiyo haihesabiwi kuwa kulima.

"Aende, alirudishe," alisema. "Lakini arudi mbele ya mazishi. Sitamufunika mudogo wangu mutoto wake akiwa barabarani."

Hiyo ndiyo sababu ya mazishi haya kusogezwa kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Familia inawaomba radhi wote waliofika mapema, na inawashukuru majirani waliopika mara mbili.

Marehemu ameacha mke, Léoncie. Watoto wawili, Mahoro na Akeza. Dada mmoja, Goreth. Rafiki na mshindani wake, Honoré. Na vijana wa Dzaleka waliojifunza kwake kuvuta na kusimulia.

Maneno yanayofuata hayamo katika programu mliyonayo mikononi, kwa kuwa ilichapwa jana. Yameandikwa leo mchana.

Akeza alirejea kutoka Lilongwe saa saba na nusu, akiwa na Honoré. Walishindana wasichana kumi na wawili. Katikati ya mbio alikuwa wa saba. Goreth alimngojea mlangoni, akamwuliza amekuwa wa ngapi. Akeza akajibu kwamba amekuwa wa pili, na kwamba wamemtaka aripoti mjini mwezi ujao. Kisha akauliza kama amechelewa.

"Haukuchelewa," shangazi yake alisema. "Kaa, ule kwanza. Hatuwezi kumuzika baba yako na weye iko na njaa."

Amekula. Sasa tuko tayari kumpeleka.

Mungu amjalie Gaspard pumziko lenye amani.