Askari wa Bure

Mheshimiwa Mkurugenzi wa shule, mgeni wetu rasmi na mshindwa wetu rasmi, Mwalimu Mkuu, wazazi wenzangu, nanyi wasichana mnaocheka kabla sijasema lolote: hamjambo?

Mimi ni fundi cherehani, niliishia darasa la saba, lakini najua kwamba aliyefungua chumba hiki cha chesi si huyu aliyekata utepe. Ni binti yangu. Semeni mama anajisifu. Najisifu!

Nani amesahau kwamba wasichana hawa walikuwa wakicheza chesi stoo, katikati ya mifagio na ndoo? Walipoomba chumba, Mheshimiwa alicheka, akasema, "Binti yeyote akinifunga, nawapa." Dakika kumi kila mmoja, saa mezani, ukumbi umejaa.

Hatua ya pili tu, mwanangu akamsukuma askari wake, ile kete ndogo kuliko zote, mbele, mdomoni kwa adui, hana mlinzi. Nikaruka: "Mama weee, mkono umekuteleza! Mrudishe!" Mwamuzi akanijia: "Mama, neno moja tena, binti yako ameshindwa." Basi nikatia mdomoni tepu yangu ya kupimia nguo, nikaing'ata. Alama za meno zipo hadi leo, kwenye inchi ya kumi na mbili.

Mheshimiwa, ulimla yule askari, ukatugeukia na tabasamu pana. Kisha ukahangaika kulinda ulichokula, huku binti akitoa farasi, akileta ngome, wakipita njia ileile uliyowafungulia wewe mwenyewe. Jasho ukalifuta kwa tai. Na malkia wako je? Alikuwa bado nyumbani, hata viatu hajavaa! Saa yako ilipobakiza dakika moja, binti akasema kwa adabu zote, "Samahani mzee, mfalme wako hana pa kwenda."

Tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Kwa nini ulimpa askari bure?"

"Si ndivyo unavyofanya wewe, mama? Mteja mgeni unamshonea kifungo bure, kesho anakuletea suti."

Kumbe mtoto alisomea chini ya cherehani yangu!

Mheshimiwa, ahadi umeitimiza. Wengine wangeugua ghafla. Nakushukuru kwa moyo wote. Sasa binti ameshapanga kete pale dirishani, na kiti kimoja ki wazi. Askari atakupa tena, bure kabisa. Unamla, humli?

Asanteni nyote kwa kunivumilia. Tepu yangu hii hapa, naing'ata. Chezeni.