Kumuaga Mwalimu Kassian, Aliyebishana na Mgonjwa Asiyejibu

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Afisa Elimu Kata, Mkuu wetu wa shule, mashehe na mapadri mlioko meza kuu, walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi: nawasalimu kwa heshima, ingawa leo nashindwa kuwatazama usoni.

Nimeombwa nimuage Mwalimu Kassian, anayestaafu na kurudi Chiola kwenye mikorosho yake. Tumefundisha pamoja hapa Ruangwa miaka mingi, na miaka yote hiyo tumebishana. Ubishi wetu mkubwa mnaujua, maana wanafunzi walikuwa wakichungulia madirishani. Mimi nilisema: unaweza kutilia shaka macho yako, masikio yako, hata dunia nzima, lakini huwezi kutilia shaka kwamba upo, kwa sababu anayetia shaka ni wewe. Yeye hukuna kidevu na kusema, "Mwalimu Swalehe, hapo umethibitisha kwamba kuna kufikiri. Nani anayefikiri, bado hujasema."

Mwaka juzi nikapata kiharusi. Nikalazwa Nachingwea, mwili mzima hautii amri, siwezi kufumbua macho wala kutamka neno. Mlikuja kuniona, Mungu awalipe. Lakini kuna jambo sijawahi kuwaambia: nilikuwa nasikia. Nilisikia nikigeuzwa na kufutwa kama mtoto mchanga. Nilimsikia kaka yangu Masoudi akilia, akisema, "Huyu hayupo tena. Twendeni Mandawa tukachague pa kumzika."

Kaka, usiinamishe kichwa. Aibu si yako. Aibu ni yangu, kwa sababu nilipokusikia, nilikubali. Mimi niliyewafundisha watoto wenu kwamba fikra inatosha kuwa shahidi, nilikuwa nafikiri, tena nafikiri sawasawa, na bado nikaamini sipo. Ile hoja niliyotamba nayo ubaoni ilikuwa wapi? Nikaacha hata kujaribu kujitikisa.

Ndipo akaja Mwalimu Kassian. Hakuuliza hali. Alivuta kiti, akaanza pale tulipoishia, akatoa hoja yake, akanyamaza kunisubiri. Mke wangu Zulfa akamwambia, "Shemeji, hasikii huyo."

Akajibu, "Anasikia. Anatafuta jibu."

Akarudi kesho yake, na siku nyingine tena, mpaka akachoka na ukimya wangu. "Mwalimu, usipojibu leo natangaza nimeshinda!" Hasira zikanipanda. Kidole changu kikagonga kitanda. Zulfa akapiga yowe, wauguzi wakaja mbio.

Ndugu zangu, tangu hapo mnanisifu kwa ujasiri. Mnanisimamisha mbele ya wanafunzi, mnasema, huyu hakukata tamaa. Nami nacheka na kupokea sifa zisizo zangu. Leo natamka mbele yenu: Mwalimu Kassian, ulinishinda. Nikiwa peke yangu na akili yangu, sikuweza kujithibitishia hata kwamba nipo.

Naona ananyoosha mkono. Sema, Mwalimu, leo ni siku yako.

Kwa mliokaa nyuma, anasema hivi: "Sikukushinda. Kama hukuwepo, mimi nilikuwa nabishana na nani?"

Mwalimu, nenda salama Chiola. Nipe muda nitafute jibu, nitakuletea mwenyewe. Nanyi nyote mlionivumilia na aibu yangu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.